Tonge Kubwa Kuliko Koo: Uchambuzi wa Kisa cha Dola ya Qin ya Awali, 351–394

Kisa na sababu ya kukichagua

Katika uchambuzi wa visa ni desturi kuficha majina ya wahusika, ili msomaji ayatazame maamuzi badala ya watu. Hapa desturi hiyo haina kazi, kwa sababu wahusika wote wa kisa hiki walikufa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita na mambo yao yamo katika historia rasmi za Uchina. Nilichopunguza ni msururu wa majina ya maofisa na majimbo, ambao humchosha msomaji bila kumfaa.

Kisa chenyewe ni cha dola ya Qin ya Awali, iliyodumu kuanzia mwaka 351 hadi 394 B.K. Isichanganywe na Qin ya yule kaizari wa kwanza aliyeiunganisha Uchina mwaka 221 K.K.; zinashirikiana jina kwa sababu zote mbili zilikita mizizi katika bonde la Mto Wei, kwenye jimbo linaloitwa leo Shaanxi. Kwa miaka saba, kuanzia 376 hadi 383, Qin ya Awali ilitawala karibu kaskazini yote ya Uchina. Miaka miwili baadaye mfalme wake alinyongwa kwa amri ya jenerali ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumwombea asikatwe kichwa.

Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba dola hii iliangushwa na pigano moja, lile la Mto Fei la mwaka 383. Katika uchambuzi huu ninashika njia nyingine: pigano lile lilifichua tu ufa uliokuwapo tayari, na uamuzi mzito kuliko yote ulikwisha kufanywa miaka mitatu kabla yake, wakati wa amani, tena kwa nia njema.

Usuli

Mwaka 316 dola ya Jin, iliyokuwa ikitawala Uchina yote, ilipoteza kaskazini yote, na watu wa ukoo wa kifalme waliosalimika wakaanzisha upya utawala wao kusini, katika mji wa Jiankang, ambao leo ni Nanjing. Kaskazini iliyoachwa ikagombewa na makabila mbalimbali, baadhi yao wafugaji wa nyika na baadhi wakulima wa milimani. Miongoni mwao walikuwapo watu wa Di, waliotoka nyanda za juu za magharibi, wakulima na wafugaji kwa pamoja, ambao idadi yao haikuwa kubwa ikilinganishwa na Wachina waliowazunguka wala na watu wa Xianbei waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini mashariki.

Dola iliyokuwa na nguvu wakati huo, Zhao ya Baadaye, ilipoporomoka, chifu wa Di aitwaye Fu Hong aliuawa kwa sumu mwaka 350. Mwanawe aliwaongoza watu wake kurudi magharibi, akauteka mji wa Chang'an, na mwaka 351 akajitangaza mtawala. Mwanzilishi huyu aliitwa Fu Jian, na kwa bahati mbaya mpwa wake, ambaye ndiye mhusika mkuu wa kisa chetu, naye anaitwa Fu Jian; kwa Kichina majina hayo huandikwa kwa herufi tofauti, lakini katika herufi za Kilatini hayatofautiki. Nitakapoandika Fu Jian kuanzia hapa, nakusudia mpwa.

Mwaka 354 jenerali wa Jin, Huan Wen, alipanda na jeshi kutoka kusini hadi karibu kabisa na Chang'an. Qin walikuwa wameivuna ngano ikiwa mbichi ili asipate chakula, na mkakati huo ukamrudisha. Kabla hajaondoka alitembelewa kambini na kijana maskini wa Kichina aliyevaa nguo za kitambaa kigumu, ambaye aliwahi kuuza vikapu, na ambaye alizungumza juu ya hali ya dunia huku akitafuta chawa mwilini mwake bila haya. Jina lake Wang Meng. Alimwambia jenerali jambo ambalo wasaidizi wake hawakuthubutu kulitamka: umesafiri mbali kiasi hiki, Chang'an iko mbele ya macho yako, nawe huvuki mto, watu hawajui moyo wako unataka nini. Huan Wen hakuwa na jibu. Alimpa Wang Meng cheo na kumtaka waende pamoja kusini, naye akakataa.

Mwanzilishi alifariki mwaka 355 na kumwachia kiti mwanawe Fu Sheng, ambaye historia rasmi inamchora kama katili aliyeua mawaziri kwa hasira za ulevi. Huenda waandishi walikoleza rangi, maana aliyempindua ndiye aliyedhibiti kumbukumbu. Vyovyote iwavyo, mwaka 357 Fu Jian, akiwa na umri wa miaka kama 20, alimwondoa binamu yake, akaacha cheo cha kaizari na kutwaa kile cha chini kidogo, yaani Mfalme wa Mbinguni, na akamwita Wang Meng kando yake.

Kupanda kwa dola: sheria kabla ya upanga

Uamuzi wa kwanza wa Fu Jian wenye uzito haukuhusu jirani yeyote. Ulihusu wakubwa wa kabila lake mwenyewe, ambao waliiona dola kama nyara waliyoipata kwa jasho lao na hawakuona sababu ya kumtii ofisa yeyote, sembuse Mchina asiyewahi kupanda farasi wa vita.

Mmoja wao, Fan Shi, alimwendea Wang Meng hadharani na kumuuliza kama wao ndio walime naye ndiye ale. Wang Meng alimjibu kwamba kulima hakutoshi, atamfanya na mpishi pia. Fan Shi akaapa kukitundika kichwa cha Wang Meng kwenye lango la Chang'an. Siku chache baadaye, mbele ya mfalme mwenyewe, Fan Shi aliinuka kumpiga, na Fu Jian akaamuru auawe. Kisha ikafuata zamu ya Qiang De, ndugu wa mjane wa mwanzilishi, mlevi aliyekuwa akipora mali na watoto wa watu mjini. Wang Meng alimkamata na kumwua, na maiti yake ikawekwa sokoni kabla mjumbe wa mfalme aliyebeba msamaha hajafika. Katika muda wa siku makumi kadhaa, wakubwa zaidi ya 20 waliuawa au kuvuliwa vyeo.

Sababu ya uamuzi huu ilikuwa wazi. Dola ya watu wachache inayotawala wengi haiwezi kuwapa hao wachache haki ya kupora, kwa kuwa wengi watakaa wakisubiri siku yake tu. Fu Jian alisema kwamba sasa ndipo alipotambua kuwa dunia ina sheria. Pamoja na sheria zilikuja shule, ambako mfalme mwenyewe alikwenda kuwapima wanafunzi, na barabara zilizotoka Chang'an zikapandwa miti pande zote mbili, zikiwa na vituo vya mapumziko na vya kubadilishia farasi kwa umbali uliopangwa, hata wafanyabiashara wakasafiri bila hofu.

Miaka sita ya kumeza, 370–376

Mashariki ilikuwapo dola ya Yan, ya ukoo wa Murong wa watu wa Xianbei, iliyokuwa kubwa na tajiri kuliko Qin. Mwaka 369 Yan iliokolewa na mwanaukoo mmoja, Murong Chui, aliyelishinda jeshi la Huan Wen. Lakini ushindi wake uliwatia wivu wakubwa wa nyumbani, wakaanza kupanga kumwua, naye akakimbilia Qin. Fu Jian alimpokea kwa mikono miwili. Wang Meng alishauri auawe, na aliposhindwa kumshawishi mfalme alimtegea mtego: alimhonga mtu apeleke kisu cha Murong Chui mwenyewe kwa mwanawe kama ishara ya uongo ya kumwambia atoroke. Mwana alitoroka, baba naye akakimbia kwa hofu na kukamatwa. Fu Jian akamsamehe na kumrudishia heshima yake.

Mwaka uliofuata Wang Meng aliishambulia Yan akiwa na askari 60,000. Kamanda wa Yan, Murong Ping, alikuwa na zaidi ya 300,000, na katika hali ya vita alizuia vijito na milima ili awauzie askari wake mwenyewe maji na kuni. Alikusanya fedha na hariri kama vilima, na askari hao, walipolazimika kupigana, hawakuwa na sababu ya kufa kwa ajili yake. Mji mkuu wa Yan, Ye, ulianguka mwaka huohuo wa 370. Kwa mkupuo mmoja Qin ilipata wilaya kuu 157, kaya zipatazo milioni 2.46 na watu wapatao milioni 9.99.

Hapo ndipo tonge lilipoanza kuwa kubwa. Mfalme wa Yan hakuuawa wala kufungwa. Alipewa cheo, na pamoja naye kaya zaidi ya 40,000 za Xianbei zikahamishiwa Chang'an na maeneo ya jirani. Mwaka 373 Qin ilichukua Sichuan kutoka kwa Jin. Mwaka 376 ikazimeza kwa pamoja dola ya Liang upande wa magharibi na ile ya Dai kaskazini. Kila mara utaratibu ulikuwa uleule: watawala walioshindwa walisamehewa, wakapewa vyeo, wakaletwa karibu na kiti cha mfalme.

Katikati ya ushindi huo, mwaka 375, Wang Meng alifariki. Mfalme alipomuuliza kitandani juu ya mambo ya baadaye, alimwambia mambo mawili: Jin isishambuliwe, kwa kuwa ni utawala unaotambuliwa kuwa wa halali na watu wake wana umoja, na maadui wa kweli ni Xianbei na Qiang (kabila jingine la magharibi) walioko ndani, ambao yafaa wapunguzwe kidogo kidogo. Fu Jian alilia sana, akamzika kwa heshima kubwa, na hakulifuata hata moja katika hayo mawili.

Baraza la mwaka 382

Uamuzi wa kuishambulia Jin ulijadiliwa kwa uwazi ambao si wa kawaida kwa watawala wa zama zile, na hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kiwe cha mafunzo. Fu Jian aliwakusanya mawaziri akawaambia kwamba yuko kwenye kiti kwa karibu miaka 30, kwamba ni kona ya kusini mashariki tu isiyomtii, na kwamba akihesabu askari wake anapata 970,000.

Karibu wote walipinga. Waziri Quan Yi alisema kwamba Jin ni dhaifu lakini haijafanya uovu wa kuwatenga watu nayo, na ina viongozi hodari. Mwingine akataja nyota na Mto Yangtze, na hapo ndipo Fu Jian alipotoa ile kauli maarufu, kwamba askari wake wakitupa mijeledi yao mtoni, maji yatasimama. Alipobaki faragha na ndugu yake Fu Rong, aliyetarajia angemuunga mkono, naye akampa sababu tatu: mbingu haziafiki, Jin haina ufa, na askari wamechoka kwa vita mfululizo. Kisha Fu Rong alilia na kutaja hofu yake ya kweli, kwamba Xianbei, Qiang na wengineo wamejaa kuuzunguka mji mkuu, na mfalme akiondoka atamwachia mrithi wake askari dhaifu makumi ya maelfu tu. Mtawa wa Kibudha Dao'an alipinga. Bibi Zhang, mke mdogo aliyependwa, alipinga. Hata mrithi wa kiti alipinga.

Aliyeunga mkono kwa ufasaha alikuwa Murong Chui. Alimwambia mfalme kwamba mambo makubwa hayaamuliwi kwa kuuliza kila mtu, na kwamba kaizari wa Jin wa zamani aliyeiteka kusini aliwategemea washauri wawili watatu tu. Fu Jian alifurahi, akamtunuku mapande 500 ya hariri na kumsifu kuwa ndiye peke yake anayeweza kuikamilisha naye kazi ya kuiunganisha dunia. Ni wazi kwamba mfalme hakuuliza ili ajue. Aliuliza akimtafuta mtu wa kumjibu anavyotaka, na aliyejitokeza ni mtu ambaye dola ya ukoo wake ilikuwa imezimwa na Qin.

Kabla jeshi halijaondoka, Fu Jian alitangaza vyeo atakavyowapa kaizari wa Jin na waziri wake mkuu Xie An wakishatekwa, na akaagiza nyumba zao zijengwe Chang'an mapema.

Mto Fei, mwaka 383

Katika vijana wa kawaida, mmoja kati ya kila kumi aliandikishwa. Historia inataja askari wa miguu 600,000 na wapanda farasi 270,000, pamoja na kikosi cha mbele cha watu 250,000 chini ya Fu Rong. Wanahistoria wengi wa leo wana shaka na hesabu hizo, na wana haki: historia ya Jin tuliyonayo ilikamilishwa mwaka 648, chini ya kaizari wa nasaba ya baadaye ya Tang aliyekuwa na mpango wake mwenyewe wa kuishambulia Korea, na simulizi la mfalme aliyeharibikiwa kwa kung'ang'ania vita vya mbali lilikuwa na wasomaji mahususi. Hata tukizipunguza sana, jambo moja halibadiliki: jeshi halikuwa mahali pamoja. Mfalme alipofika mji wa Xiang, askari wa Liangzhou, yaani ile Liang ya magharibi, ndio kwanza walikuwa wamefika Xianyang, karibu na Chang'an, na wale wa Sichuan walikuwa bado ndani ya mashua. Jin ilileta watu 80,000 waliofunzwa vizuri, wengi wao watoto wa wakimbizi wa kaskazini, chini ya Xie Shi na Xie Xuan.

Fu Rong aliuteka mji wa Shouyang, kisha ikanaswa barua ya kamanda mmoja wa Jin aliyezingirwa, akieleza kwamba chakula kimekwisha na kwamba anahofu hatauona tena uso wa mkubwa wake. Fu Rong alimwandikia mfalme kuwa adui ni wachache na hatari pekee ni kwamba watakimbia. Kwa habari hiyo Fu Jian aliliacha jeshi kubwa Xiang na kukimbilia mbele na wapanda farasi 8,000. Faida yake ya pekee ilikuwa wingi wa watu, na aliiacha nyuma kwa sababu ya barua moja.

Alimtuma Zhu Xu, kamanda wa zamani wa Jin aliyetekwa mwaka 379 na kupewa cheo, akawashawishi wenzake wa zamani wasalimu amri. Zhu Xu alipofika kwao aliwaambia wapige mara moja, kabla jeshi lote halijakutana. Liu Laozhi akavuka usiku na watu 5,000 na kukivunja kikosi cha Qin cha 50,000 huko Luojian. Fu Jian, akiwa juu ya ukuta wa Shouyang pamoja na ndugu yake, alitazama safu za Jin, kisha akaugeukia mlima Bagong na kuyaona majani na miti kuwa ni askari. Alimwambia Fu Rong kwamba huyu si adui dhaifu, na uso wake ukabadilika.

Majeshi yalipotazamana kando ya Mto Fei, Xie Xuan aliomba Qin warudi nyuma kidogo ili Jin wavuke na pigano limalizike. Majenerali wa Qin walikataa, lakini mfalme alikubali akikusudia kuwapiga katikati ya maji, na kwa mujibu wa vitabu vya vita wazo hilo halikuwa la kijinga. Tatizo ni kwamba amri ya kurudi nyuma huhitaji askari wanaoelewana, na hawa walikuwa Wachina, Di, Xianbei na Qiang waliokusanywa kutoka pande zote, wengi wao wasijue kinachoendelea mbele. Walipoanza kurudi hawakuweza kusimama. Zhu Xu, akiwa nyuma ya safu, akapaza sauti kwamba Qin wameshindwa. Fu Rong aliingiza farasi katikati ya askari ili awazuie, farasi akaanguka naye akauawa. Waliokimbia usiku waliposikia upepo na milio ya korongo walidhani ni Jin wanaowafuata, na wengi wakafa kwa baridi na njaa kuliko kwa upanga.

Fu Jian alijeruhiwa kwa mshale. Kaskazini ya Mto Huai mwanakijiji mmoja alimletea chakula na miguu ya nguruwe; alipotaka kumlipa, mtu yule alikataa, akisema yeye ni mtoto na mfalme ni mzazi, na mtoto hamdai mzazi.

Matokeo

Kikosi pekee kilichobaki kizima kilikuwa cha Murong Chui, watu 30,000, na mfalme alikwenda kwake. Jamaa zake walimsihi Murong Chui amwue papo hapo. Alikataa kwa sababu ya wema aliotendewa, akamkabidhi askari wote. Baada ya hapo aliomba ruhusa ya kwenda kuzuru makaburi ya wazee wake mashariki, na Fu Jian akampa, licha ya maonyo ya Quan Yi. Mwanzoni mwa 384 Yan ilifufuka. Murong wa magharibi nao wakaasi na kuuzingira Chang'an. Yao Chang, chifu wa Qiang ambaye mwaka 357 Fu Jian alimwombea asiuawe, aliasi na kuanzisha Qin yake mwenyewe. Jeshi zuri lililosalia, la Lü Guang, lilikuwa mbali huko Kucha, katika nchi za jangwani, na liliporudi lilianzisha dola yake.

Katika karamu ya mwanzoni mwa mwaka 385, Chang'an ikiwa katika njaa kuu, wakubwa waliokula kwa mfalme waliweka nyama midomoni na kuitema walipofika nyumbani, ili wake na watoto wapate kula. Mwaka huohuo Fu Jian alitoka mjini, akakamatwa na watu wa Yao Chang aliyemdai muhuri wa kifalme, akakataa, na akanyongwa katika hekalu la Kibudha huko Xinping. Warithi wake watatu waliburuta jina la dola hadi mwaka 394.

Uchambuzi: kilichofaulu

Utawala wa sheria ulifaulu kweli, na ushahidi ni kwamba baada ya kushindwa, wananchi wa kawaida wa bonde la Wei hawakuwa wa kwanza kuasi. Waliopanda bendera zao walikuwa ni wakubwa wa koo zilizoshindwa. Barabara, shule na vyeo kwa uwezo viliwafikia watu kiasi cha mwanakijiji kumpa chakula mfalme anayekimbia. Kuna pia mambo yaliyoishi kuliko dola: mwaka 372 Fu Jian alimtuma mtawa Sundo kwenda Goguryeo, na huo ndio mwanzo unaotambulika wa Ubudha nchini Korea.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Wengi humlaumu Fu Jian kwa huruma yake. Mimi sikubaliani, au nakubali nusu. Kuwasamehe walioshindwa kuliharakisha ushindi wake, kwani miji hujisalimisha upesi inapojua haitachinjwa. Kosa ni kwamba msamaha ulikuwa wa mtu kwa mtu. Murong Chui na Yao Chang walifungwa na shukrani kwa Fu Jian, hawakufungwa na dola. Watu wao walibaki pamoja, chini ya machifu wao, wakizungumza lugha yao na kukumbuka mfalme wao. Shukrani ya Murong Chui ilikuwa ya kweli, na aliilipa kwa kuwarudisha askari wale 30,000. Baada ya kuilipa hakudaiwa kitu. Dola ya Wei ya Kaskazini, iliyoanza mwaka 386 kutoka kwenye mabaki ya Dai, ilifanya kinyume: iliwatenga machifu na watu wao, ikawakalisha watu kwenye ardhi na kuwahesabu kama raia. Ilichukua hadi mwaka 439 kuiunganisha kaskazini, lakini ilidumu hadi 534.

Kosa la pili ni la njia ya habari. Mfalme alikuwa na washauri wazuri na aliwaruhusu waseme, ila baada ya kifo cha Wang Meng hapakuwa na mtu ambaye neno lake lilikuwa na uzito wa kuzuia. Ushauri wa wengi uligeuka kuwa kelele, na barua iliyonaswa Shouyang ikapewa uzito kuliko baraza zima la Chang'an.

Uamuzi wa mwaka 380

Nimeuacha huu mwishoni kwa makusudi. Mwaka 380 jamaa mmoja wa mfalme, Fu Luo, aliasi kaskazini mashariki na kushindwa. Fu Jian aliona kwamba nchi aliyoiteka ni pana mno na haina walinzi wa kuaminika, akaamua kuzitawanya kaya 150,000 za Di kutoka bonde la Wei, kila mwanamfalme apelekwe na sehemu yake kulinda mji wa mbali. Kwenye karatasi ni mpango mzuri, kwani anayetawala kwa uchache wa watu lazima awasambaze. Lakini alikuwa amekwisha kuwaleta Xianbei karibu na mji mkuu, na sasa alikuwa akiwapeleka mbali watu pekee ambao wasingekuwa na pa kwenda dola ikianguka. Mwaka 384, Chang'an ilipozingirwa, waliokuwa karibu na kuta ni hao aliowaleta, na aliowapeleka walikuwa wamezingirwa katika miji yao, kila kundi peke yake.

Fu Jian alimsindikiza mwanawe Fu Pi, aliyekuwa akielekea Ye na kaya 3,000, hadi Bashang nje ya mji. Di waliokuwa wakiachana na wazazi na ndugu zao walilia kwa sauti hata wapita njia wakaguswa. Katika msafara wa mfalme alikuwamo ofisa aitwaye Zhao Zheng, ambaye alichukua kinanda chake cha nyuzi na kuimba juu ya ndege anayewapeleka mbali walio wa damu yake na kuwabakiza Xianbei, na akauliza siku ya dharura atamwambia nani. Mfalme alicheka. Misafara ikaendelea kuondoka.